Kifua cha Mama Ireti

"Basi chukua ya huyu," Abosede alisema, akimnyooshea kidole mdogo wake. Wala hakuwa anatania.

Daktari Nwabueze aliiweka kalamu mezani. Katika miaka yote aliyopasua watu hapo Ikeja, hakuwahi kuletewa ombi la namna hiyo. Alimtazama Abosede, mrefu, shingo ya twiga, kifua bapa kama mlango. Kisha akamtazama Moradeke, yule mdogo aliyeitwa Deke, ambaye alikijaza kiti chake na kukitamani cha jirani.

"Mama Ireti, mafuta ya mtu hayawekwi kwa mtu mwingine," alimwambia Abosede. "Mwili utayakataa. Yatakuozea humo ndani."

"Hata ya ndugu wa tumbo moja?"

"Hata ya mama aliyekuzaa."

"Mimi sina neno, daktari," Deke akadakia, akijishika kiuno kwa mikono miwili. "Achote tu. Hapa pana ya kutosha mtaa mzima, na tutabakisha ya Krismasi."

Nesi aliyekuwa akipanga mafaili aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Abosede naye akacheka, ingawa moyo ulikuwa umeshuka kidogo. Yeye na mdogo wake walikuwa wameahidiana kulifanya jambo hili la kuongeza matiti pamoja, siku moja, chumba kimoja, na wote wawili walikuwa wameitaka njia ya mafuta: unachotwa pale palipozidi, unaongezwa pale palipopungua, hakuna kitu cha kigeni kinachobaki mwilini. Wiki tatu nzima walikuwa wakiizungumza njia hiyo kwenye simu kama watu wanaopanga safari ya Makka. Leo daktari alikuwa amembana Abosede ngozi ya kiunoni, ya mapajani na ya tumboni, akasema: "Hapa sipati hata kijiko."

"Na mimi?" Deke aliuliza. "Mimi nina ndoo."

"Wewe unayo. Lakini nikwambie ukweli: nikichota ndoo, si yote itakayokaa. Karibu nusu mwili hunyonya. Na presha yako leo imesoma mia na sabini. Siwezi kukulaza mezani na presha hiyo. Kunywa dawa, punguza chumvi, urudi baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu!"

"Kaburi halina miezi, Moradeke."

Deke akanuna. Daktari akafungua droo, akatoa vifuko viwili vinavyong'aa, akavisukuma mbele ya Abosede. "Wewe njia yako ni hii. Hiki kinajazwa maji ya chumvi. Hiki ni jeli ya silikoni. Shika."

Abosede alivishika jinsi anavyoshika kitambaa dukani, kwa ncha za vidole, akakunja, akaachia, akatazama vinavyorudi. Alikuwa fundi cherehani wa blauzi za sherehe pale Surulere, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amewashonea wanawake wenzake vifua vya kila umbo. Shuleni walimwita Ubao. Mwezi uliopita tu mteja mmoja, akiwa amesimama mbele ya kioo chake, alikuwa amemwambia, "Fundi, nitengenezee kifua kizuri hapa. Ila kisiwe kama chako, tafadhali." Akacheka. Abosede naye akacheka, pini zikiwa mdomoni, akaendelea kupima.

"Hiki cha jeli ni laini," alisema sasa, na sauti ilimtoka nyembamba kwa furaha. "Deke, shika. Shika, nakwambia! Kama kitu chenye uhai."

"Usichague leo," daktari alimwambia. "Nenda kwanza ukatafute ukubwa. Chukua mchele na soksi ndefu za nailoni. Kikombe kimoja cha kupimia ni kama mililita mia mbili na hamsini. Funga, weka ndani ya sidiria, fanya kazi zako. Mwili utakwambia unataka nini."

*

Mwili wa Abosede ulikuwa na mengi ya kusema. Jumatatu alishona akiwa na kikombe kimoja kila upande. Jumanne aliongeza, akaenda sokoni Tejuosho akiwa amevaa shati la mume wake juu, na njia nzima alikuwa akitazama kivuli chake ukutani. Kivuli kilikuwa na kifua! Aligeuka ubavu, kikageuka nacho. Muuza vitufe akamuuliza kama amepoteza kitu. Jumatano alijaribu mia tatu na hamsini, akainama kuchukua mkasi, mchele ukamwagika kwenye lesi ya bibi harusi, ikabidi aokote punje moja moja huku akicheka peke yake kama mwendawazimu. Kufika Ijumaa alikuwa ameshajua: mia tatu. Si kwa ajili ya watu kugeuza shingo. Ni kwa ajili ya blauzi kukaa.

Pesa alikuwa nayo, na ilikuwa yake. Harusi moja kubwa ya watu wa Lekki ilikuwa imempa blauzi sitini na nne za sare kushona kwa mwezi mmoja, na pesa hiyo alikuwa ameiweka kando bila kumwambia mtu. Kilichokuwa bado ni kumwambia Dokun. Kila jioni alisema kesho. Dokun alikuwa mume asiye na makuu, fundi wa jenereta, mtu anayerudi nyumbani akinuka dizeli na kuuliza watoto wamekula nini. Hakuwahi kumpandishia sauti. Lakini neno hospitali likitajwa mbele yake, uso wake ulikuwa unafungwa kama duka.

Jumapili baada ya ibada, mama yake Dokun, aliyekuwa amekuja kutoka Abeokuta kuwaona wajukuu, aliamua kugeuza magodoro. Wengine walikuwa mezani wanakula amala, ugali mweusi wa viazi vikuu, kwa supu.

"Yesu!" ukelele ulitoka chumbani. "Damu ya Yesu! Dokun! Njoo uone kilicho chini ya kitanda chako!"

Bibi alitoka akiwa ameshika soksi tatu za nailoni zilizofungwa mafundo, kila moja imetuna, akizining'iniza mbali na mwili wake kama mtu aliyekamata panya. Mkono wa pili tayari ulikuwa umepata chupa ya mafuta ya upako. "Kuna mtu anaifunga nyumba hii! Mafundo matatu! Ndiyo maana kazi za mwanangu haziendi!"

"Mama, kazi zangu zinaenda," Dokun alisema.

"Nyamaza, umefungwa, utajuaje?"

Jirani wa dirisha la pili alikuwa ameshatoa kichwa. Ireti, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshaanza kusali. Abosede alisimama, mikono ikinuka supu.

"Mama, huo ni mchele."

"Mchele wa nini ndani ya soksi?"

Hakukuwa na njia nyingine ya kulisema. "Wa matiti," alisema.

Dokun alikuwa na tonge mkononi, nusu ya safari ya kwenda mdomoni, na tonge likabaki hapohapo. Abosede akaeleza, maneno yakikimbizana: daktari, vifuko, vipimo, blauzi za Lekki. Aliona aibu ikimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, lakini chini ya aibu, ajabu, furaha ilikuwa haijazimika. Alijisikia akisema "jeli" kwa sauti ile ile ya kule kwa daktari.

Mama mkwe aliishusha chupa ya upako. Aliipima soksi moja kiganjani, juu, chini. "Ndio ukubwa unaoutaka huu?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni mia tatu na hamsini. Mimi nataka mia tatu."

"Mm." Bibi alipima tena. "Afadhali. Huu ungekuua mgongo." Akaenda jikoni, akafungua mafundo yote matatu, akamwaga mchele kwenye ungo na kuanza kuuchambua. Chakula cha jioni kilikuwa wali mwekundu wa nyanya, na jirani wa dirishani aliletewa sahani yake ili anyamaze.

*

Dokun hakula wali. Alikuwa amekaa barazani, akifuta plagi ya jenereta ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ulipanga kuniambia lini, Mama Ireti? Nikiitwa kutambua maiti yako hospitali?"

"Leo. Jana. Kila siku nilikuwa naanza."

"Mimi nimekulalamikia? Miaka kumi na minne, umewahi kunisikia nikisema una upungufu?"

"Hujasema. Si wewe uliye ndani ya nguo zangu, Baba Ireti. Mimi ndiye."

"Sitaki."

"Najua kwa nini hutaki."

Aliendelea kufuta plagi. Wote wawili walikuwa wanajua. Dada yake Dokun, Omolape, aliingizwa kupasuliwa kidole tumbo akiwa na miaka kumi na tisa, hospitali moja ndogo ya mkoani ambayo siku hizi imekuwa ghala la saruji. Umeme ulikatika yeye akiwa mezani, tumbo wazi. Jenereta haikuwaka. Dokun alikuwa nje uani, kijana anayejifunza ufundi wa magari, na yeye ndiye aliyekimbilia kuivuta kamba, kuivuta, kuivuta, mpaka viganja vikachubuka, bila kujua kwamba tatizo halikuwa kamba. Mtu alikuwa ameiacha bila mafuta, na Omolape hakutoka mle ndani akiwa hai. Mwaka uliofuata aliacha magari, akajifunza jenereta.

"Yule alikuwa mgonjwa," Dokun alisema hatimaye. "Alikuwa hana budi. Wewe huumwi. Unakwenda kulala pale kwa miguu yako mwenyewe, kwa hiari yako. Nimwambie nini Ireti?"

Abosede alikaa karibu naye mpaka plagi ikang'aa kupita kiasi.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, Deke alipiga simu akiwa ananong'ona kwa msisimko.

"Dada, njoo Ojuelegba sasa hivi, juu ya lile duka la simu. Usimwambie mtu. Nataka unishike mkono."

"Unafanya nini Ojuelegba?"

"Sindano! Hakuna kisu, hakuna kulala, hakuna presha. Nusu saa tu natoka nayo! Anti Peace amewafanyia wasanii. Na bei yake hata robo ya daktari wako haifiki. Dada, fikiria! Tungeweza kufanya wote wawili leo leo!"

Na Abosede alifikiria, hilo lazima lisemwe. Kwa muda wa kushuka ngazi za duka lake na kupanda pikipiki alifikiria: leo leo, bila kumwomba mtu saini, bila uso wa Dokun kufungwa. Upepo ulimpiga kifuani palipo bapa, naye akawa anahesabu kama ana pesa za kutosha mkobani.

Chumba kilikuwa na pazia la waridi, feni, na kitanda cha kusingia. Deke alikuwa amelala chali, kifua wazi, amechorwa miduara kwa kalamu ya wino. Alitabasamu kama mtoto wa siku ya Idi. Anti Peace, mwanamke wa kucha ndefu na glavu moja, alikuwa akivuta kitu kutoka kwenye chupa kwa bomba nene la sindano.

"Karibu, dada mkubwa. Wewe ndiye wa pili? Vua, nikuchore wakati namaliza huyu."

"Hiyo ni dawa gani?" Abosede aliuliza.

"Jeli ya hospitali. Ya Korea."

"Jina lake?"

"Jina la nini? Unataka kuioa?"

Deke alicheka. Abosede hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaitazama chupa. Haikuwa na karatasi. Lakini tone moja lilikuwa limeangukia ukingo wa meza, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akaligusa, akalisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada. Akanusa. Kisha akatoa mkobani kipande cha kitambaa cheupe alichokuwa nacho kwa ajili ya mteja, akalipangusa tone. Doa likatambaa taratibu, la manjano hafifu, ukingo wake ukiwa mwembamba kama uzi. Alikuwa ameliona doa hilo mara elfu. Alikuwa amelia kwa ajili ya doa hilo juu ya hariri za watu.

"Deke, inuka."

"Dada, usianze."

"Inuka! Haya mafuta nayajua. Nikikosea nimekosea, lakini mimi kitu hiki nakitia kwenye cherehani yangu kila Jumatatu!"

"Wewe mwanamke una wazimu?" Anti Peace alisimama mlangoni. "Unakuja kunichafulia jina kwangu? Lipeni kwanza!"

"Ameshalipa?"

"Nusu," Deke alisema, akiwa amekaa sasa, mikono imefunika miduara. "Ile nusu ya pili nilisema utanikopesha wewe."

"Nipe chupa hiyo nikaipeleke kwa watu wa kupima," Abosede alimwambia Anti Peace. "Ikiwa ni ya Korea, nitarudi kulipa mara mbili, na mimi mwenyewe nitalala hapo."

Anti Peace aliikumbatia chupa kifuani. Hakuitoa. Hilo lilimtosha Deke. Alishuka kitandani kwa kishindo, akavaa blauzi kichwachini, akamsukuma Anti Peace kwa nyonga ile ile aliyojivunia mbele ya daktari, na wote wawili wakateremka ngazi mbio, viatu mkononi, matusi yakiwafuata kwa Kiyoruba, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine ambayo hawakuijua lakini waliielewa.

Waliposimama, walikuwa mbele ya mama anayechoma ndizi. Sidiria ya Deke ilikuwa imebaki kule juu. "Ameshanichoma?" aliuliza. "Dada, niangalie. Sikumbuki. Ameshanichoma?"

Abosede alimvuta nyuma ya bango, akamwangalia, duara kwa duara, inchi kwa inchi, kama anavyoikagua blauzi kabla ya kuikabidhi. Hapakuwa na tundu. "Bado," alisema. "Bado, bado, bado," akakuta hawezi kuacha kulisema. Walikumbatiana pale, wakalia, wakacheka, wakanunua ndizi nne na karanga na kuzila zikiwa za moto mno.

*

Deke hakuweza kuficha jambo hata siku moja, kwa hiyo kufikia jioni Dokun alikuwa anajua yote.

"Basi limekwisha," alisema. "Umejionea mwenyewe."

"Nimejionea," Abosede alijibu. "Nimeona njia ambayo sitapita. Ile nyingine bado naitaka. Nilipokuwa kwenye pikipiki, Baba Ireti, nilikuwa nahesabu pesa nilale kwenye kile kitanda. Unajua kwa nini? Ili nisikutazame usoni wakati wa kukuomba. Kumbe ningekufa kwa kukwepa uso. Kwa hiyo sikwepi tena. Kesho nakwenda kwa daktari kuchagua. Twende wote, uulize unachotaka. Usipokwenda, nitakwenda."

Dokun alikwenda. Alivaa shati lake la ibada na kukaa ukingoni mwa kiti. Kwa muda mrefu alivitazama vile vifuko viwili bila kuvigusa, kisha fundi aliye ndani yake akamshinda.

"Hiki cha maji kikipasuka?"

"Kinanywea," Daktari Nwabueze alijibu. "Siku hiyo hiyo ataona. Maji ya chumvi mwili unayanyonya, hayana madhara."

"Na hiki cha jeli?"

"Hicho kinaweza kupasuka kimyakimya. Asihisi kitu. Ndiyo maana kinahitaji kupigwa picha kila baada ya miaka michache. Na hakuna kati ya hivi kinachodumu maisha yote. Iko siku atarudi kubadilishiwa."

"Basi cha maji," Dokun akasema, akaipiga meza kidogo. "Mashine inayokwambia imeharibika ndiyo mashine. Ile inayoharibika ikiwa inacheka ndiyo inayoua."

"Baba Ireti, tazama ngozi yangu," Abosede alisema. Msisimko ulikuwa umempanda tena, alikuwa amesogea mbele mpaka magoti yao yakagusana. "Mimi sina nyama hapa. Ukiweka bitana ya maji chini ya kitambaa chepesi, kila kunyanzi litaonekana. Si ndivyo, daktari?"

"Ndivyo. Kwa mwembamba kama yeye, cha maji huonyesha mikunjo. Jeli, tena iwekwe chini ya msuli, itakaa kwa utulivu zaidi."

"Nitapigwa picha. Nitaandika tarehe ukutani."

"Utasahau," Dokun alisema. "Wewe hata mafuta ya cherehani nakukumbusha mimi."

"Basi nikumbushe."

Kwa dakika moja ilikuwa kama wanachagua friji. Walibishana, wakapima, Dokun akakibonyeza kifuko cha jeli kwa kidole gumba, akashtuka kilivyorudi. Abosede aliona pembe ya mdomo wake ikitaka kucheka. Ndipo nesi akaleta karatasi.

"Hapa saini yako, mama. Na hapa mume."

"Mimi ni mtu mzima," Abosede alisema.

"Ni utaratibu tu. Mume au ndugu."

Dokun aliitazama kalamu. Uso ukafungwa. "Nimeuliza, umejibu vizuri, daktari," alisema pole pole. "Lakini mkono wangu siuweki hapo. Mara ya mwisho baba alisaini, na mimi ndiye niliyemshikia karatasi." Akatoka nje. Abosede alisaini peke yake, pale palipoandikwa jeli, mililita mia tatu. Kesho yake Deke alikuja kutia saini yake pale palipoandikwa ndugu, kwa herufi kubwa zilizovuka mstari.

*

Siku yenyewe Dokun aliamka kabla ya wote, akabeba mkoba wake wa spana, akaondoka bila chai. Mama mkwe alimpaka Abosede mafuta ya upako kwenye paji la uso na, baada ya kufikiri, kidogo kifuani. "Mwanaume akinuna muache anune," alisema. "Mimi nipo na watoto. Nenda, na mia tatu yako."

Deke alikuwa na dada yake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa amekunywa dawa za presha wiki nzima na alijisifu nazo. Abosede alitazama korido huku na huku. Watu walikuwa wengi. Dokun hakuwamo.

"Amekwenda kazini?" aliuliza.

"Achana naye. Leo ni yako."

Na ilikuwa yake. Walipomlaza chini ya taa kubwa, hofu ilikuwepo, lakini juu ya hofu, kama povu juu ya maji, kulikuwa na ule uchangamfu ambao haukuwa umemwacha tangu siku alipokishika kifuko cha jeli. Daktari alimchora mistari. Abosede aliinua kichwa kutazama kama mistari inalingana. "Kushoto kumeshuka kidogo," alisema. Daktari akachungulia, akafuta, akachora upya. Kisha dawa ya usingizi ikamchukua.

Alipoamka kifua kilikuwa kizito kama mtu amekaa juu yake. Deke alikuwa pembeni akilia kwa furaha na kumpiga picha asizoziomba. Alikuwa hai. Alitazama tena mlangoni.

"Hakuja?"

Nesi, aliyekuwa akipima presha, alikohoa. "Mama, mumeo yuko hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ila hataki kuingia. Yuko nyuma, kwenye jenereta."

"Anafanya nini kwenye jenereta?"

"Usiniulize mimi. Alikuja akamwambia mzee wetu wa mitambo kwamba anataka kuikagua. Mzee akakataa. Wakagombana mpaka mkurugenzi akateremka. Kumbe betri ilikuwa imechoka. Amekwenda kununua nyingine, ameifunga mwenyewe, amebadilisha chujio, amejaza dizeli. Halafu akabaki amesimama hapo, mkono kwenye swichi. Tumempelekea kiti, hakukaa."

"Umeme ulikatika?"

"Mara moja. Saa nne na dakika kumi. Ulikuwa umeshafunguliwa." Nesi alifunga kifaa chake. "Ndani hawakujua. Taa ilipepesa tu."

Deke aliacha kupiga picha. Abosede akasema, "Nendeni mkamwambie nimeamka."

Dokun alikuja shati likiwa limelowa jasho, dizeli hadi viwiko. Nesi alimgeuza akanawe kwanza, na akamgeuza mara ya pili. Aliporudi alisimama miguuni pa kitanda, mikono ikidondosha maji, akimtazama usoni tu, kama mtu aliyekatazwa kutazama kwingine.

"Walikuwa na betri mbovu," alisema. "Hospitali nzima hii. Niliwaambia."

"Nimesikia."

"Wakanibishia."

"Baba Ireti."

"Hawakusafisha hata chujio. Mwaka mzima."

"Baba Ireti, tazama basi."

"Nitazame nini? Si bandeji tupu."

"Tazama."

Alitazama. Alichukua muda wake, akiinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, kwa uso ule ule wa kusikiliza injini. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka.

"Yapo," alisema.

Abosede akaanza kucheka. Iliuma vibaya, ilimbana kila upande, nesi akamkataza, Deke akamkataza, na yeye alikuwa ameshaushika mkono wa mumewe uliolowa, hawezi kuacha.